Kuanza kazi ya kunukuu sauti za hospitali: jibu kwa msomaji wa Pasua, Moshi

Swali: "Shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Pasua, Moshi. Nimemaliza stashahada ya uhazili na nachapa vizuri. Nimesikia kuna kazi ya kusikiliza sauti za madaktari na kuziandika, na kwamba mtu anaweza kuifanya nyumbani akalipwa na watu wa nje. Nilijaribu sauti ya dakika kumi tu, ikanimalizia asubuhi nzima na bado ina mapengo mengi. Kuna mtu kwenye kundi la WhatsApp anataka shilingi 150,000 ya usajili ndipo anipe kazi. Wengine wananiambia nisihangaike kwa sababu kompyuta sasa inaandika yenyewe. Naomba unishauri kama mdogo wako. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na la haraka: hiyo 150,000 usiitume. Anayetafuta mnukuzi anakulipa wewe, hakutozi. Anachoweza kukuomba kwa haki ni jaribio fupi, sauti ya dakika tatu mpaka tano, aone masikio yako na uandishi wako. Akikuletea "jaribio" la saa nzima bila makubaliano yoyote, hiyo tayari ni kazi na anataka uifanye bure. Mwombe kwa maandishi jina la taasisi, kiwango cha malipo, siku ya kulipwa na njia ya kulipwa. Tapeli hachukui muda kukasirika ukimwuliza hayo manne.

Sasa tuje kwenye asubuhi yako nzima. Usijione mzito. Mnukuzi mzoefu, kwa sauti safi ya mtu mmoja, anahitaji takriban saa nne kuandika saa moja ya sauti. Anayeanza, tena kwenye mambo ya tiba, akitumia saa nane au zaidi kwa saa hiyo moja hajafanya vibaya. Kasi huja yenyewe kadiri maneno yanavyozoeleka. Katika barua yako yote, kilichonipa moyo ni mapengo. Hukusikia, ukaacha wazi. Wengi wanaoanza huona aibu kurudisha kazi yenye pengo, basi huliziba kwa neno linalofanana. Kazi yao hupendeza machoni, lakini haifai kuwekwa kwenye faili la mgonjwa.

Tazama mwenyewe. Daktari anasema mgonjwa ana "hypertension", yaani presha ya kupanda. Mwingine anasema "hypotension", presha ya kushuka. Kwa lafudhi zetu nyingi, tofauti yote iko kwenye silabi moja, haipa au haipo, na daktari aliyechoka saa tisa usiku huimeza hiyo silabi. "Dysphagia" ni shida ya kumeza, "dysphasia" ni shida ya kuzungumza, na zote mbili zinaweza kumpata mgonjwa yuleyule wa kiharusi. "Ileum" ni sehemu ya utumbo mwembamba, "ilium" ni mfupa wa nyonga, na masikioni hayo mawili hayana tofauti hata kidogo. "Afebrile" ni mtu asiye na homa. Ukitenganisha herufi ya kwanza, umeandika kwamba ana homa. Kwenye dawa, "hydralazine" inashusha presha wakati "hydroxyzine" hutolewa kwa mwasho na mzio. Na usisahau namba: "fifteen" na "fifty" zimewasumbua watu wenye masikio mazuri kuliko yangu na yako.

Unayatenganisha vipi? Kwa kuelewa kinachozungumzwa. Ukisikia upasuaji wa tumbo, utumbo ukashikwa, ukakatwa na kuunganishwa, ujue ni "ileum". Ukisikia ajali ya bodaboda na picha ya eksirei, fikiria mfupa. Ukisikia kipimo cha presha kimesomwa 90 kwa 60, yaani iko chini, dakika moja kabla, "hypertension" haiingii hapo labda kama ni historia ya mgonjwa. Sauti nzima ndiyo inakupa jibu la neno moja, kwa hiyo usikwame kwenye sekunde mbili kwa nusu saa. Weka pengo, andika muda, endelea. Mara nyingi dakika mbele daktari atalirudia neno lilelile vizuri zaidi. Ukifika mwisho na bado hujalipata, pengo libaki, hivi: [haisikiki 00:14:32]. Kama una dhana, iandike kama dhana yenye alama ya kuuliza ndani ya mabano, ili mwenye sauti ahakikishe. Jina la dawa, kipimo chake, upande wa mwili na neno la kukanusha usivikisie kamwe, hata kama una uhakika wa asilimia tisini. Kulia na kushoto, "ana" na "hana": hapo hata mimi nikisitasita naacha wazi.

Kuna kanuni za uandishi ambazo utazikuta popote utakapokwenda, zijue mapema. Desimali haianzi bila sifuri mbele: andika 0.5, maana .5 husomwa 5. Wala haimalizikii na sifuri isiyohitajika: andika 5, maana 5.0 husomwa 50. Neno "units" la insulini liandike kamili, kwa sababu herufi U peke yake husomwa kama sifuri na 10U ikawa 100. Joint Commission, chombo kinachotoa ithibati kwa hospitali za Marekani, kiliweka vifupisho vya aina hiyo kwenye orodha ya vilivyokatazwa tangu 2004, kwa sababu vilikuwa vinaumiza wagonjwa. Wewe mwenye stashahada ya uhazili umefundishwa nidhamu ya kurasa na aya. Hii ni nidhamu ileile, imeshuka tu mpaka kwenye nukta.

Kujifunza lugha ya tiba si lazima ulipie kozi ghali. Gawa mwili kwa mifumo: moyo na mishipa, upumuaji, chakula, mkojo, uzazi, mifupa, neva. Kaa na mfumo mmoja wiki mbili. Jifunze viungo vyake, magonjwa yake makubwa, vipimo vyake na dawa zake za kawaida. Kisha jifunze vipande vinavyounda maneno, maana maneno mengi ya tiba yamejengwa kwa Kigiriki na Kilatini na vipande vyake vinajirudia. Ukijua kwamba "-itis" ni uvimbe wenye maumivu na joto, "-ectomy" ni kukata na kutoa, "-otomy" ni kupasua na "-ostomy" ni kutengeneza tundu, basi "colectomy", "colotomy" na "colostomy" hazitakuchanganya tena. Na usome kwa sauti. Neno ambalo hujawahi kulitamka, masikio yako hayatalitambua likipita kasi.

Hapa kwetu kuna jambo la kuzingatia zaidi. KCMC ni hospitali ya rufaa ya kanda tangu 1971 na inafundisha madaktari, kwa hiyo utakutana na Kiingereza cha Mchaga, cha Msukuma, cha Mhindi, cha Mjerumani na cha Mmarekani aliyekuja kwa miezi mitatu. Usizoee sauti ya aina moja. Tafuta mihadhara ya afya mtandaoni ya wasemaji wa nchi mbalimbali, andika dakika tano tano, halafu linganisha na maandishi yake kama yapo.

Ile ndoto ya kulipwa na watu wa nje siifuti, ila nikueleze ilivyo. Nchini Marekani kazi hii ilikua kwa sababu daktari alikuwa anasema, na mtu mwingine anaandika. Malipo yake ya kawaida ni kwa mstari, na mstari huhesabiwa kuwa herufi 65 pamoja na nafasi. Sasa sehemu kubwa ya sauti hizo inapita kwanza kwenye kompyuta. Microsoft iliinunua Nuance, kampuni iliyotamba kwa programu za kutambua sauti za madaktari, na kukamilisha ununuzi huo 2022. Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani yenyewe inatabiri kwamba ajira za wanukuzi wa tiba zitaendelea kupungua. Wanaobaki wengi ni wahariri: kompyuta inaandika, mtu anasikiliza na kusahihisha, kwa malipo madogo kwa mstari. Na New York iko nyuma yetu kwa saa 7 au 8, kwa hiyo wao wakifungua ofisi saa tatu asubuhi, kwako ni saa kumi au kumi na moja jioni. Ukipata kazi hiyo ujue umejiandikisha zamu ya usiku.

Lakini wanaokuambia usihangaike nao wamekosea. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani waliipima Whisper, programu ya kunukuu inayotumika sana, wakakuta takriban asilimia moja ya vipande vya sauti vilikuwa na maneno ambayo hakuna mtu aliyeyasema. Maneno hayo yalijitokeza zaidi pale msemaji alipokaa kimya kwa muda mrefu, hasa watu wenye shida ya kuzungumza. Mgonjwa ananyamaza, kompyuta inamsemea. Wanaonyamaza zaidi ni wazee, wagonjwa wa kiharusi na waliofiwa. Anayeweza kulikamata kosa hilo ni mtu mwenye masikio na maarifa, na ni kosa gumu kuliona kwa sababu sentensi iliyobuniwa haina hata kosa la tahajia. Kwa hiyo jifunze kunukuu kwa mkono kwanza, ndipo uweze kuhariri. Asiyeweza kunukuu atakubali chochote anachokiona kwenye skrini.

Mlango wako wa kwanza, kwa maoni yangu, hauko ng'ambo. Hospitali zetu nyingi daktari anaandika mwenyewe, kwenye faili au kwenye mfumo wa kompyuta wa hospitali za serikali kama GoT-HoMIS, kwa hiyo usitegemee Mawenzi au Mount Meru watakupa kanda za madaktari. Utafiti ndio wenye sauti. Moshi ina taasisi ya utafiti ya KCRI pale KCMC, ina chuo chenye wanafunzi wa uzamili wanaohoji wagonjwa, na Arusha ina mashirika mengi ya afya. Wote hao hufanya mahojiano ya ana kwa ana na majadiliano ya vikundi, wanarudi na saa nyingi za sauti za Kiswahili, na wanahitaji mtu wa kuziandika neno kwa neno, mara nyingi na kuzitafsiri kwa Kiingereza. Hapo mshindani wako hatoki Manila wala Mumbai. Wewe uliyekulia Pasua una kitu ambacho hakinunuliki: unamwelewa mama wa Kibosho akichanganya Kiswahili na Kichaga katika sentensi moja.

Kazi hiyo ina ugumu wake. Chukua kipande kama hiki, nimekitunga kwa ajili ya mfano (MH ni anayehoji, M3 ni mhojiwa wa tatu):

MH: Mtoto alianza lini kuumwa?
M3: Alianza juzi usiku, akawa wa moto. Asubuhi ikawa degedege. [kimya, sekunde 6] Bibi yake akasema tusikimbilie hospitali kwanza.
MH: Dawa ulikuwa unampa saa ngapi?
M3: Saa mbili na saa mbili, kama nilivyoambiwa.

Anayeanza atataka kusaidia. Ataandika malaria kali badala ya degedege, kwa kuwa anajua wengi hulihusisha na malaria. Hapana. Mama amesema degedege, andika degedege. Kupima ugonjwa ni kazi ya daktari, na huenda utafiti wenyewe unauliza watu wanaitaje hali hiyo. Atafuta kile kimya cha sekunde sita kwa kuwa hakina maneno, wakati mtafiti huenda anakitafuta hichohicho: mama amesita kabla ya kumtaja bibi. Na kwenye tafsiri ataandika kwamba dawa ilitolewa saa 2, mtafiti wa Ulaya asome saa nane zetu za mchana. Saa mbili na saa mbili ni 8 asubuhi na 8 usiku, kila baada ya saa 12. Makosa ya saa nimeyakuta kwenye kazi za watu wenye shahada, nami huwa nayatafuta kabla ya kosa lingine lolote.

Vivyo hivyo mtu akisema "nina presha" bila kueleza ni ya kupanda au ya kushuka, acha presha. Akisema neno la Kichaga, Kimeru au Kimasai usilolijua, liandike unavyolisikia, weka muda, muulize aliyehoji. Kwenye kikundi cha watu wanane, usijifanye unajua nani kasema: andika "msemaji hajulikani".

Sasa jambo ambalo hukuliuliza na ndilo zito kuliko yote. Moshi ni mji mdogo. Ipo siku utavaa hedifoni na kusikia sauti unayoifahamu: jirani, mwalimu wako wa zamani, mtu wa jumuiya yenu. Anaeleza anavyomeza dawa za kupunguza makali ya VVU kwa siri, au jinsi mimba ilivyotoka. Simamisha sauti hapo hapo. Mpigie msimamizi wako umwambie unamfahamu mhojiwa, sauti apewe mwingine. Usimalizie kusikiliza kwa kisingizio cha kuhakikisha. Mtu yule alipokubali kurekodiwa alielezwa ni nani watasikia, na wewe kama jirani yake hukuwemo.

Sheria pia ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya zinahesabiwa kuwa taarifa nyeti. Maana yake kwako ni mambo ya kila siku. Hutumi sauti kwa WhatsApp. Huipandishi kwenye tovuti ya bure ya akili mnemba ili ikuandikie, maana umeshaisafirisha nje ya nchi bila idhini ya yeyote. Hufanyii kazi kwenye intaneti kafe wala kwenye laptopu ambayo kaka yako anaitumia jioni. Majina unayaondoa kama mkataba unavyoelekeza, na ukimaliza unafuta faili na kumwandikia msimamizi kwamba umefuta. Ukisaini mkataba wa kutunza siri, uusome kweli.

Na utunze moyo wako. Kuandika maneno ya mtu aliyefiwa ni kuyasikia mara tano, mara sita, polepole. Changanya siku yako, usipange mahojiano mawili mazito mfululizo, na msimamizi akiuliza unaendeleaje, mwambie ukweli.

Vifaa nisikuchoshe navyo. Hedifoni nzuri za kufunika masikio zinunue kabla ya kitu kingine chochote. Pedali ya mguu, ya kusimamisha na kurudisha sauti bila kuinua mikono, ni ya baadaye ukishapata hela. Kuanzia, Express Scribe ina toleo la bure, na oTranscribe hufanya kazi ndani ya kivinjari huku sauti ikibaki kwenye kompyuta yako. Punguza kasi ya sauti mpaka asilimia 80, usishuke sana, maneno huharibika. Kwenye Word jitengenezee vifupisho vya kujipanua, ila vianze na herufi isiyo ya kawaida kama x, ili kifupisho chako kisigongane na kifupisho halisi cha tiba kikajipanua kuwa kitu kingine. Umeme unajua mwenyewe ulivyo. Hifadhi kila baada ya dakika chache.

Kuhusu bei, piga hesabu kabla ya kukubali. Tuseme umeahidiwa shilingi 1,000 kwa dakika ya sauti. Saa moja ya sauti ni 60,000. Ikikuchukua saa nane, unalipwa 7,500 kwa saa. Wakisema tafsiri imo humohumo na tafsiri nayo ikakula saa nane, umeshuka mpaka 3,750. Kwa hiyo kunukuu kuwe na bei yake na tafsiri bei yake, na uombe kusikiliza dakika mbili za sauti kabla ya kutaja bei. Sauti iliyorekodiwa chini ya bati mvua ikinyesha haiwezi kuwa bei moja na sauti ya chumbani.

Wiki hii fanya hivi. Chagua kipindi cha afya cha redioni au mtandaoni, kilicho wazi kwa umma, chenye daktari na mtangazaji. Andika dakika kumi zake neno kwa neno, weka alama za muda, weka mapengo yako bila kuona haya, kisha tafsiri dakika tatu za mwanzo kwa Kiingereza. Hiyo ndiyo sampuli yako. Usitumie kamwe sauti ya mgonjwa halisi kama sampuli, hata kama mtu amekupa kwa nia njema. Chapisha, ambatanisha barua ya ukurasa mmoja, upeleke kwenye ofisi za utafiti na kwa wanafunzi wa uzamili ambao wako kwenye ukusanyaji wa data. Kwenye barua taja kwamba uko tayari pia kuhakiki kazi za wanukuzi wengine, kusikiliza huku unasoma walichoandika. Wanaopenda kazi hiyo ni wachache, na ndiyo itakayokuonyesha haraka zaidi ni wapi watu hukosea.